Dawa ya Paka Yapimwa kwa Watu Pemba

Kwa miaka mingi watoto wa shule Pemba wamekuwa wakimezeshwa albendazole, na kwa miaka hiyohiyo mnyoo-mjeledi amebaki matumboni mwao. Dozi moja ya dawa hiyo humwondoa chango bila taabu na huwapunguza sana minyoo wa safura. Mjeledi ni jeuri. Sehemu yake ya mbele, nyembamba kama uzi, huichomeka katika ukuta wa utumbo mpana, akatulia humo akitaga mayai kwa maelfu kila siku.

Dawa inayoelekea kumng'oa imetoka kabatini kwa daktari wa mifugo. Emodepside inauzwa Ulaya tangu 2005 kwa ajili ya minyoo ya paka, ikiwa matone yanayotiwa kwenye ngozi ya kisogo. Hilo lisimshangaze mtu: praziquantel ya kichocho, ivermectin ya usubi na hata albendazole yenyewe zilianzia kwa wanyama. Asili ya emodepside ni Japani, ambako mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wa kampuni ya Meiji Seika walikuta kemikali ya kuua minyoo katika kuvu aishiye kwenye majani ya kamelia, mmea wa ukoo mmoja na mchai. Baadaye wanakemia waliibadilisha kidogo kemikali hiyo ili iwe na nguvu zaidi.

Inavyofanya kazi ni hivi. Misuli na neva za mnyoo zina vilango vya kupitishia potasiamu. Emodepside huvilazimisha vibaki wazi, mnyoo akalegea, asile wala kujongea. Albendazole hushambulia mahali pengine kabisa, kwa hiyo mnyoo aliyeizoea hana kinga dhidi ya hii mpya. Binadamu naye ana vilango vya jamii hiyo, ila haviathiriki upesi kama vya mnyoo. Usalama wa dawa unategemea tofauti hiyo, ndiyo maana dozi haikisiwi.

Hatua ya kwanza ya majaribio, iliyofanyika Uingereza kwa wanaume wenye afya njema, iliangalia kama mwili unaivumilia dawa. Hatua ya pili ina swali gumu zaidi: inatibu, na kwa miligramu ngapi? Jibu lilitafutwa Pemba, katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, kwa ushirikiano na watafiti wa Uswisi wanaoongozwa na Profesa Jennifer Keiser.

Kazi yenyewe haina fahari. Mshiriki huleta kikopo cha kinyesi. Fundi wa maabara hukichuja kwa wavu wenye matundu madogo, hujaza tundu la kibao linalochukua miligramu 41.7, kisha hufunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa gliserini. Mayai anayoyahesabu kwenye hadubini huyazidisha mara 24 ili kupata idadi kwa gramu moja. Mayai ya safura hayangoji, maana gliserini huyafuta. Slaidi ikichelewa kusomwa kwa zaidi ya saa moja hivi, mgonjwa ataonekana mzima.

Matokeo yalichapishwa 2023 katika jarida la New England Journal of Medicine. Dozi moja ya miligramu 5 tu iliwaponya asilimia 85 ya waliokuwa na mjeledi. Albendazole iliponya asilimia 17, na kidonge kisicho na dawa asilimia 10. Kwa safura ilibidi kupanda hadi miligramu 30 ndipo wakapona asilimia 95, ilhali albendazole ilifikia 70. Namba hizo zinatia moyo, lakini kila kundi lilikuwa na watu 20 au 30 hivi, wote watu wazima wasiozidi miaka 45.

Tena, kadiri dozi ilivyopanda ndivyo walivyoongezeka waliolalamikia kichwa kuuma, kizunguzungu na macho kuona ukungu. Mara nyingi hali hizo zilikuwa nyepesi na zilipita zenyewe. Mgonjwa wa saratani angelivumilia hilo bila kunung'unika. Mtoto wa darasa la tatu asiyejisikia kuumwa, anayepewa kidonge pamoja na shule nzima, ni habari nyingine, na dawa hii itapata au kukosa kibali hapo. Jaribio jingine la Pemba, lililotoka katika The Lancet mwaka 2024, lilishusha umri hadi miaka 12, na emodepside ikaishinda tena albendazole kwa safura.

Wagonjwa wa usubi nao wanaisubiri. Kwa makubaliano ya 2014 kati ya kampuni ya Bayer na shirika la DNDi, imejaribiwa kwao nchini Ghana. Ivermectin huua viluwiluwi vya mnyoo wa usubi, lakini mnyoo mzima huishi miaka 10 na zaidi akiendelea kuzaa, ndiyo maana vidonge hugawiwa upya kila mwaka. Tumaini ni kwamba emodepside itamwua huyo mnyoo mzima.

Anayefuga paka asijaribu njia ya mkato: yale matone yamechanganywa na praziquantel na yamepimwa kwa uzito wa paka, si wa mtu. Siku ya dawa za minyoo shuleni, mzazi amruhusu mwanawe ameze albendazole kama kawaida.