Rangi na Mwanga Dhidi ya Bakteria Sugu

Kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari huanza na jambo dogo: mwiba, kiatu kinachobana, ukucha uliokatwa vibaya. Kwa kuwa mishipa ya fahamu ya nyayo imekwisha kudhoofika, mwenyewe hahisi maumivu, na siku anapokiona kidonda, bakteria wamekwisha kufanya makazi. Hunywa vidonge, kidonda kikanywea kidogo, kisha kikarudi. Mambo yakiendelea hivyo, mwisho wake ni mguu kukatwa.

Ugumu wa vidonda vya namna hii una vyanzo viwili. Bakteria hujifunika kwa utando wa ute ambao dawa hupenya kwa shida. Na wengine wamekwisha kuizoea dawa yenyewe, hali ambayo wahudumu wa afya huiita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 pekee usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Ndiyo maana wananchi wengi wanauliza iwapo ni kweli kwamba rangi na taa vinaweza kuua bakteria walioishinda dawa. Ni kweli. Hata hivyo, ukweli huo una mipaka, na asiyeijua mipaka hiyo anaweza kujidhuru.

Tiba yenyewe inahitaji vitu vitatu: rangi maalumu, mwanga unaopatana na rangi hiyo, na hewa ya oksijeni iliyomo katika kidonda. Rangi hupakwa na kuachwa dakika chache ili ishikamane na bakteria. Kisha taa huwashwa. Rangi hunyonya nguvu ya mwanga na kuipitisha kwa oksijeni iliyo jirani, nayo oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali kupita kiasi. Hudumu kwa muda mfupi mno, chini ya kufumba na kufumbua, na haisafiri mbali; huunguza kile tu inachokigusa. Ngozi ya bakteria hutoboka, protini zake huharibika, vinasaba vyake hukatika. Bila mwanga, rangi hiyo haifanyi kazi hii.

Hapo ndipo ilipo tofauti na viuavijasumu, ambavyo wengi tunaviita antibiotiki. Dawa ya kawaida hufanya kazi kama ufunguo unaoingia katika kitasa kimoja. Bakteria akibadilisha kitasa, ufunguo hauna maana tena. Oksijeni iliyochangamshwa na mwanga ni moto, na moto hauhitaji kitasa. Kwa sababu hiyo bakteria sugu kwa dawa hufa kwa njia hii sawa na wenzao wasio sugu, na majaribio mengi ya maabara hayajaonesha bakteria wakijenga kinga ya kudumu dhidi yake.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1900, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Oscar Raab alitangaza kwamba rangi ya akridini iliviua viumbe vidogo vya majini haraka vilipokuwa mwangani, na kuviacha hai gizani. Miaka mitatu baadaye Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Kisha penisilini ikaja, rahisi na yenye nguvu, na taa zikasahauliwa. Alexander Fleming mwenyewe, alipopokea Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa hiyo ikinunuliwa madukani na kunywewa kwa kipimo pungufu, bakteria watajifunza kuishinda. Onyo hilo lina zaidi ya miaka 80 sasa.

Rangi inayotumika sana leo, methilini buluu, si ngeni hata hapa kwetu. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1876, na mwaka 1891 Paul Ehrlich aliijaribu kutibu malaria. Katika maabara zinazopima makohozi kwa hadubini, ndiyo inayotia buluu kila kitu isipokuwa vimelea vya kifua kikuu, ambavyo hubaki vyekundu. Ikimulikwa kwa mwanga mwekundu, huwa silaha.

Madaktari wa meno katika nchi kadhaa huitumia kwenye mifuko ya fizi baada ya kukwangua uchafu. Katika hospitali moja ya Vancouver, Kanada, wagonjwa zaidi ya 3,000 walipakwa rangi hiyo puani na kumulikwa kabla ya upasuaji, kwa kuwa puani ndiko wanakojificha bakteria wengi wanaoharibu vidonda. Maambukizi ya vidonda yalishuka kutoka asilimia 2.7 hadi 1.6. Ni haki kusema kwamba wagonjwa hao walisafishwa pia ngozi kwa dawa, hivyo sifa yote haiwezi kupewa taa. Nchini Brazil, madaktari wameitumia kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari iliyokuwa katika hatari ya kukatwa, na baadhi ya miguu hiyo ikaokolewa.

Sasa mipaka. Mwanga mwekundu hupenya nyama kwa milimita chache tu, kwa hiyo tiba hii haiwezi kuponya nimonia wala bakteria walioingia katika damu, na mfupa uliooza hauufikii isipokuwa daktari aupeleke mwanga huko kwa kifaa maalumu. Aidha bakteria wengine, kama Pseudomonas wanaofanya usaha uwe wa kijani, wana utando wa ziada wa nje unaozuia rangi nyingi kuingia.

Katika zahanati na vituo vya afya vya wilaya yetu, tiba hii bado haipo. Anayekuja nyumbani na taa akidai kuiuza, asiaminiwe. GV, ile dawa ya zambarau inayopakwa kwenye michubuko, haigeuki kuwa tiba hii kwa kuanika kidonda juani. Jua litaunguza ngozi na vumbi litaingia.

Kilichopo ni kusafishwa na kufungwa kidonda, kupimwa sukari, na rufaa ya hospitali ya wilaya pale inapohitajika. Mwenye kisukari atazame nyayo zake kila jioni, au amwombe mjukuu amtazamie, na akiona mchubuko asisubiri usaha. Dawa aliyoandikiwa aimalize. Kidonda kisichoonesha nafuu ndani ya wiki mbili, au kinachonuka, au chenye wekundu unaopanda mguuni, kirudishwe kwa mganga siku hiyohiyo.