Debe la Kahawa na Kikao cha Wafanyakazi

Katika kazi ya kuchuma kahawa ugomvi huanzia mahali padogo sana. Oldeani, chini ya mlima wenye jina hilo na jirani na msitu wa Ngorongoro, yapo mashamba makubwa yaliyofunguliwa na walowezi, wengi wao Wajerumani, kati ya vita kuu mbili za dunia. Mchumaji hupangiwa mstari wake wa mibuni, na ujira wake hufuata idadi ya madebe. Mchumaji wa karafuu wa Pemba, ambaye malipo yake huhesabiwa kwa pishi, hatahitaji kuelezwa zaidi.

Tuchukue mfano. Mmoja adai kuwa jirani yake kavuka mstari na kuchuma buni zilizokwisha kuiva, akamwachia mbichi. Jirani naye ajibu kuwa mwenziwe hupendelewa na karani: debe lake likijaa hadi mdomo huandikwa, ilhali la wengine hurudishwa mpaka lifurike. Jioni hutoka matusi. Baada ya siku chache shamba lina kambi mbili, na jambo la debe limekwisha geuzwa kuwa jambo la kabila. Hapo ndipo hatari ilipo.

Wapo watakaosema kuwa sheria ipo. Ni kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka njia ya kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na msuluhishi hupewa siku 30. Visiwani nako zipo Sheria ya Ajira na Sheria ya Mahusiano Kazini, zote za 2005. Lakini sheria hizo zinamtazama zaidi mwajiri na mwajiriwa. Hata Mwongozo wa TANU wa 1971, uliowakataza viongozi majivuno na dharau, ulihusu mkubwa na mdogo. Wachumaji wawili walio sawa, waliogombana juu ya mti mmoja, mahakama yao ni kikao cha pale pale shambani. Kikiharibika hicho, hawana kingine kilicho karibu.

Basi nani akiongoze? Kwa maoni yetu asiwe nyapara aliyegawa mistari, wala karani aliyeandika madebe, maana hao ni mashahidi. Desturi ya kumkabidhi kiti mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliopo ni desturi mbaya, na maofisa wetu, wa Bara na wa Visiwani, wanaipenda mno. Ofisa wa namna hiyo hufungua kikao kwa hotuba ya nusu saa juu ya umoja, kisha huwaamuru wagomvi wapeane mikono. Mikono hupeanwa; kesho yake ugomvi uko pale pale.

Mwongozaji mwema huwasikiliza wawili hao kwanza, kila mmoja peke yake. Kikaoni huliweka debe lenyewe katikati, na daftari la karani kando yake, ili watu waseme juu ya vitu wanavyoviona, wasiseme juu ya koo za watu. Mmoja akimaliza, mwenziwe hurudia aliyoyasikia hadi msemaji akubali kuwa ndivyo alivyosema, ndipo ajibu. Na mzee wa Kiiraqw ambaye Kiswahili chake ni chepesi aachwe aseme kwa lugha yake, mkalimani akiwa mtu aliyekubaliwa na pande zote mbili. Mtu mwenye hasira akilazimishwa lugha asiyoimudu huonekana mkorofi, kumbe anatafuta neno.

Wairaqw wenyewe wana hazina katika jambo hili. Wazee wao huwa na sala ndefu ya kishairi iitwayo slufay; mmoja huongoza, na waliohudhuria humwitikia pamoja. Msomaji wa Unguja ataifananisha na dua ifungayo kikao, watu wakiitikia amina. Mwafaka uliotamkwa kwa sauti za wote ni mzito kuliko saini mbili zilizotiwa ofisini.

Hata hivyo karatasi nayo haina budi kuwapo. Iandikwe nani aanze mstari upi, debe lijae kiasi gani, na nani alitazame linapopimwa. Kisha asubuhi inayofuata, debe la kwanza lipimwe mbele ya hao wawili.