Je, Wajua? Hata Mafuriko Yana Hesabu Yake

Mafuriko ya miaka 100 hayangoji miaka 100

Jina hilo maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi 1 kati ya 100 ya kutokea. Yakija mwaka huu, mwakani nafasi ni ile ile! Anayeishi miaka 30 mahali yanapofika ana uwezekano wa asilimia 26 wa kukumbana nayo angalau mara moja, karibu sawa na kurusha shilingi mbili zote zikaangukia kichwa. Na kule Gatwekera au Silanga, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, wanaokaa ukingoni kabisa mwa mto hawahitaji mvua kubwa kiasi hicho ili maji yaingie ndani.

Bima ina deni kwa mateke ya farasi

Mwaka 1898 Ladislaus Bortkiewicz alichambua vifo vya askari wa Prussia waliopigwa mateke na farasi: vifo 122 katika vikosi 10 kwa miaka 20. Ajali hizo zilizoonekana kutokea ovyo zilifuata kanuni ya Mfaransa Poisson karibu sawasawa. Kanuni hiyo hiyo leo huwasaidia wataalamu wa bima kukadiria mafuriko mangapi yatakuja.

Na kila furiko litagharimu kiasi gani? Hapo mara nyingi huitwa Pareto, Mwitaliano aliyechunguza mapato ya matajiri na maskini. Kwa kanuni yake hasara nyingi huwa ndogo, kisha inakuja moja inayozimeza zote. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwaka 1992, kampuni kadhaa za bima zilifilisika.

Chama huweza moto, mafuriko hukishinda

Chumba cha mwanachama mmoja wa chama cha kuchangiana kikiungua Kawangware, mtaa mwingine wa Nairobi, wenzake huchanga naye akaanza upya. Mto ukifurika, wachangaji na wachangiwa ni wale wale, usiku mmoja. Kampuni kubwa nazo huogopa jambo hilo hilo, ndiyo maana hujikatia bima kwa kampuni nyingine, hata za Munich na Zurich, hasara ya Nairobi igawanywe mbali na Nairobi.

Mvua ilijulikana, watu hawakujulikana

Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, katikati ya Kibera na Kawangware, na mvua hupimwa hapo kwa milimita. Lakini kukadiria hasara kunataka pia kujua nani anaishi wapi. Wengi waliandika kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070, pengo la karibu mara sita! Mwaka huo huo ulianza mradi wa Map Kibera, na vijana wa mtaa wakachora vichochoro, vyoo na zahanati mahali ambapo ramani za mtandaoni zilionyesha patupu. Kazi yao iko kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na yeyote anaweza kuitumia bila malipo.