Maneno ya Stejini Sosiot

Watoto wangu, siku ya soko simameni kidogo pale stejini Sosiot, hapa Kericho, mtege masikio. Kijana wa boda anaita abiria. Makanga anapiga ubavu wa matatu. Kwenye kibanda mtu anaagiza chaik, na mwenzake mwenye haraka anauliza ni sait gani. Maneno manne ya kawaida, na kila moja limefika hapa kwa njia yake.

Boda lilitoka Busia. Katika miaka ya 1960, kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na mwendo wa kuchosha kwa mwenye mzigo. Vijana wenye baiskeli wakavusha watu na bidhaa wakiita "boda-boda!", yaani mpaka hadi mpaka. Kiingereza huandika border, kwa r ambayo sikio letu halikuisikia. Tuliandika tulichosikia, nasi tulifanya vyema. Baiskeli nyingi zimekwisha kuwa pikipiki, zinapanda vilima vya majani chai ambako hakuna mpaka wa nchi yoyote, na jina lingali lile lile.

Matatu ni sarafu tatu za senti kumi, nauli ya zamani Nairobi. Vijana wa mjini wakaitafsiri ile tatu kwa Kiingereza, ikawa mathree, na kwenye simu ma3.

Lakini chaik ndilo nilipendalo kuliko yote. Neno cha lilitoka Uchina, likapita Uajemi na Bara Hindi, likafika pwani yetu likiwa chai. Waingereza walipata lao, tea, kupitia meli za Waholanzi zilizonunua majani kwa wasemaji wa lahaja ya Fujian. Miaka ya 1920 kampuni za Uingereza zikaanza mashamba makubwa Kericho, na mistarini wakakutana wachumaji Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Kiswahili kikawapatanisha. Mkipsigis akalichukua chai akalivika mwisho wa lugha yake. Kwake vinywaji ni vingi: maji ni beek, maziwa ni chego, yote kwa umbo la wingi. Basi chai nayo ikawa chaik. Saa ikawa sait, kitabu kikawa kitabut. Msimcheke anayesema hivyo. Amefuata sarufi kamili, ile ile aliyoachiwa na nyanya yake.

Sasa tuje kwenye herufi. Katika Kikalenjin, ambacho Kikipsigis ni tawi lake, p na b hazitenganishi maana, wala k na g. Ulimi huchagua kulingana na sauti za jirani. Ndiyo maana vitabu vingine vya zamani vimeandika Kipsikis, na sisi leo tunaandika Kipsigis. Ni watu wale wale. Kiswahili ni kikali zaidi hapo, kwa sababu kupata si kubata, na bata ni ndege. Mwanafunzi wa huku kwetu Belgut akiandika "nimebata", kalamu yake imefuata sikio la nyumbani. Mwalimu amsahihishe, ndiyo, lakini amweleze kwa nini.

Hata Sosiot yenyewe ina maandishi mawili. Ramani husema Sosiot. Wataalamu wa miti huandika sosiyot, jina la mkindu. Sosiot pia ni ule ufito wa kusugulia kibuyu kwa mkaa kabla ya kutia mursik, maziwa yetu ya kuchacha. Mwombeni kogo, yaani nyanya, alitamke polepole, msikilize kama ile y ipo.

Na kuna neno moja lililokua kuliko mengine yote. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mtangazaji John Chemallan alikuwa akisema redioni "kalenjok", maana yake nawaambieni. Wanafunzi wa shule ya upili ya Alliance waliosikilizana lugha, Wanandi, Wakipsigis na ndugu zao, wakaunda chama chao miaka ya 1940 na kukiita Kalenjin: nakuambia. Kabla ya hapo jamii hizi hazikuwa na jina moja la kuziunganisha. Serikali ya kikoloni iliwaita Wakipsigis Lumbwa, jina ambalo hawakulichagua wao. Leo, kwenye sensa ya Kenya, zaidi ya watu milioni 6 huandikwa kwa jina lililotokana na msemo wa redioni.