Kiwanda kidogo na cheti cha ISO 9001: nani hasa anakihitaji?

Wenye viwanda vidogo wanaovusha bidhaa kati ya nchi za Afrika Mashariki wamekuwa wakishawishiwa kuchukua cheti cha ISO 9001 kwa maelezo kwamba kitawafungulia mipaka. Wengine hulipa kabla ya kuuliza swali la msingi: ni nani aliyekiomba?

Mkanganyiko unaanzia kwenye kujua cheti chenyewe ni cha nini. ISO 9001 ni kiwango cha mfumo wa usimamizi wa ubora, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Shirika la Kimataifa la Viwango lenye makao yake Geneva, Uswisi. Hakisemi lolote kuhusu unga, sabuni wala mabati. Kinaangalia namna kiwanda kinavyoendeshwa: oda inapokelewaje, malighafi inakaguliwaje, nani anawajibika mzigo ukirudishwa na kumbukumbu zinatunzwa wapi.

Alama ya ubora ya bidhaa ni kitu kingine kabisa. Hiyo hutolewa na shirika la viwango la nchi, kama TBS ya Tanzania, KEBS ya Kenya au UNBS ya Uganda, baada ya bidhaa yenyewe kupimwa maabara na kiwanda kukaguliwa. Kwa mujibu wa sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006, alama iliyotolewa na nchi moja mwanachama inapaswa kutambuliwa na nyingine. Hata hivyo, mkaguzi wa mpakani bado anaweza kuchukua sampuli akiwa na shaka na mzigo.

Tuseme kuna kiwanda cha kusaga sembe mjini Arusha chenye wafanyakazi 14. Kinauza kwa maduka ya jumla Arusha na Moshi, na sasa kimepata mnunuzi Nairobi. Je, kichukue ISO 9001?

Lori lake likifika Namanga, maswali yatahusu unga. Je, una alama ya ubora? Sumukuvu imepimwa? Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile ya aina ya B1 isizidi 5. Aidha, Kenya imefanya uongezaji wa virutubishi kuwa lazima kwa unga wa mahindi wa pakiti tangu mwaka 2012. Cheti cha mfumo, hata kiwe halali namna gani, hakijibu hata moja kati ya maswali hayo.

Mfano ulio hai ni wa Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, yakiwamo kusajiliwa kwa waagizaji na kila shehena kuambatana na hati inayothibitisha kwamba sumukuvu haizidi kiwango. Aliyekuwa na majibu ya maabara alikuwa na pa kuanzia. Cheti cha mfumo kilichotundikwa ukutani ofisini kisingemsaidia dereva.

Ndiyo maana kwa kiwanda cha namna hiyo fedha za kwanza zingefaa ziende kwenye kipima unyevu, maturubai ya kuanikia, vipimo vya maabara na alama ya bidhaa. Nchini Tanzania mjasiriamali mdogo huanzia SIDO kupata barua ya utambulisho, ambayo humpa nafuu anapokwenda TBS. Wale wa vyakula wakumbuke pia kwamba tangu Julai 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilihamishiwa TBS kutoka iliyokuwa TFDA, hivyo mlango ni mmoja.

Inafaa pia kutochanganya jambo hili na utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili na kusamehewa ushuru wa forodha, lakini msamaha huo hauondoi masharti ya ubora na afya.

Lini basi ISO 9001 inahitajika? Jibu liko kwenye karatasi za mnunuzi. Ikiwa zabuni imeandika kwamba bila cheti hicho maombi hayafunguliwi, au kiwanda kikubwa kinachonunua vipuri na vifungashio kimekiweka kwenye mkataba, hapo hakuna mjadala. Bado kuna hesabu ya kupiga: mkataba huo utaingiza faida kiasi gani katika miaka 3, ambao ndio muda wa kawaida wa cheti? Faida hiyo ilinganishwe na gharama yote, si ada ya mwanzo peke yake.

Gharama hiyo hukadiriwa kwa siku za ukaguzi. Kwa kanuni zinazofuatwa kimataifa, kiwanda chenye watu 11 hadi 15 huanza na takriban siku 2 na nusu, kisha kila mwaka ukaguzi wa ufuatiliaji wa karibu theluthi ya hizo, na mwisho wa miaka 3 ukaguzi mwingine wa karibu theluthi mbili. Ongeza nauli na malazi ya wakaguzi. Gharama kubwa isiyoandikwa kwenye ankara ni muda wa mwenye kiwanda mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye meneja, mhasibu na mnunuzi wa mahindi.

Kwa wa vyakula kuna mtego mwingine. Wanunuzi wakubwa wa chakula mara nyingi hutaka ISO 22000 au mfumo wa HACCP, ambavyo vinahusu usalama wa chakula, na si ISO 9001. Ni vyema kumwomba mnunuzi aandike jina kamili la cheti anachotaka kabla ya kumlipa mshauri yeyote.

Na washauri wapo wa kila aina. Anayeahidi cheti ndani ya wiki moja bila kufika kiwandani anauza karatasi. Kampuni inayotoa cheti hairuhusiwi kuwa hiyo hiyo iliyomshauri mteja kuandaa mfumo wake, na inapaswa kuwa na ithibati kutoka chombo kinachotambulika, kama KENAS ya Kenya au SADCAS inayohudumia nchi za SADC, Tanzania ikiwamo. Mnunuzi makini huhakiki hilo. Mshauri anayeuza rundo la miongozo naye aulizwe: toleo la mwaka 2015 liliondoa hata sharti la kuwa na kitabu cha mwongozo wa ubora.

Waliokwisha kupata cheti wasichape nembo yake kwenye mifuko ya unga. Kanuni zinakataza nembo ya cheti cha mfumo kuwekwa kwenye bidhaa au kifungashio, kwa sababu mlaji hudhani ni unga uliopimwa.

Kwa wasafirishaji, kabla ya kufunga turubai ni busara kudai nakala ya leseni ya alama ya ubora ambayo muda wake haujaisha, majibu ya maabara yenye namba ya bechi inayofanana na iliyochapwa kwenye mifuko, na cheti cha uasili. Namba zikipishana, gharama ya kulaza lori Namanga ijulikane mapema ni ya nani, na iandikwe kwenye makubaliano na mwenye mali.