Faili Kwanza, Programu Baadaye

Tatizo hili hujirudia katika vyuo vinavyofundisha kompyuta na utengenezaji wa video. Mwanafunzi amehariri video ya dakika tatu kuhusu soko la Tengeru. Amehifadhi kazi, ameinakili kwenye flashi, ameondoka. Kesho yake anaichomeka flashi kwenye kompyuta nyingine mbele ya mwalimu. Mradi unafunguka vizuri, mistari yote ipo, lakini picha hazionekani; badala yake kuna ujumbe kwamba faili hazipatikani. Video yake haijaharibika. Imebaki kwenye kompyuta ya jana, kwa sababu hakuibeba.

Programu za kuhariri video kama Premiere na Kdenlive haziweki video ndani ya faili la mradi. Faili hilo linahifadhi maelekezo tu: chukua video fulani iliyoko mahali fulani, anza sekunde ya 12, kata sekunde ya 19, weka sauti hii chini yake. Ni kama karatasi ya kwenda sokoni: imeandikwa nyanya kilo mbili, lakini ndani yake hamna nyanya. Ndiyo maana faili la mradi huwa dogo sana ukililinganisha na video zenyewe, na udogo huo ungetosha kumshtua mwanafunzi kabla hajatoka maabara, kama angekuwa na mazoea ya kutazama ukubwa wa anachokibeba.

Mazoea hayo ndiyo ninayoyatetea hapa. Mwanafunzi wetu anafundishwa vitufe vya programu kabla ya kuelewa faili ni nini, lina ukubwa gani na linakaa wapi. Vitufe hubadilika kila toleo jipya linapotoka, lakini faili halibadiliki hivyo. Picha ya JPEG, muundo uliowekewa viwango mwaka 1992, bado inafunguka leo kwenye kila simu.

Nimeichagua Tengeru kwa sababu eneo hili dogo kando ya barabara ya Arusha–Moshi lina vyuo vingi kuliko miji mingi. Ipo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii, kipo chuo cha mifugo, kipo Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Wengi wanaosoma hapa hawatakuwa wataalamu wa kompyuta. Watakuwa maofisa maendeleo, mabwana mifugo na walimu, na kila mmoja atatakiwa kupiga picha, kurekodi sauti ya mkulima na kutuma ripoti inayosomeka.

Tuanze na picha. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani nukta milioni 12. Kila nukta inahitaji baiti tatu, moja kwa kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu. Hiyo ni megabaiti 36 kwa picha moja. Lakini ukiangalia simu yako utakuta picha ina megabaiti tatu au nne tu, kwa sababu JPEG hutupa yale ambayo jicho la binadamu halitayatambua kwa urahisi, hasa tofauti ndogondogo za rangi.

Sasa itume picha hiyo kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Programu inaipunguza tena, na mara nyingi upande mrefu hubaki na pikseli 1,600 hivi. Kwenye kioo cha simu hutaona tofauti. Tatizo linatokea kwa mchapaji. Uchapaji mzuri wa kitabu au jarida hutaka pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya mwanzo ingejaza ukurasa mzima wa A4, lakini hii iliyopitia WhatsApp inatosha upana wa sentimita 13 au 14 tu. Ukiivuta ijae ukurasa inakuwa na ukungu, na hakuna fundi wa steshenari atakayekurudishia nukta zilizokwisha kutupwa. Dawa yake ni rahisi: itume kama hati, isiguswe. Bando litaliwa zaidi, ndiyo, lakini kazi itafika ikiwa nzima.

Video ni mzigo mkubwa zaidi. Picha moja ya video ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa 1,080. Ukichukua picha 25 kila sekunde bila kubana chochote, unapata zaidi ya megabaiti 155 kwa sekunde moja. Simu hubana data hiyo papo hapo, la sivyo ingejaa ndani ya dakika chache. Hata ikibanwa, rekodi ndefu hupita gigabaiti nne, na hapo wengi hukwama bila kujua sababu: flashi ya gigabaiti 32 ina nafasi tele, lakini inakataa kupokea faili. Flashi nyingi za ukubwa huo huja na mpangilio wa zamani uitwao FAT32, usiokubali faili moja lifike gigabaiti nne. Iumbizwe upya kwa exFAT, tatizo litaisha. Hamisha kwanza kila kilichomo, maana kuumbiza kunafuta vyote.

Kwenye sauti nina msimamo mkali: mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti isiyosikika humkimbiza. Soko la Tengeru hufurika siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, na malori ya barabara kuu hayako mbali. Mwanafunzi anayesimama mita mbili kutoka kwa mama muuza ndizi atarekodi malori. Ukipunguza umbali kati ya mdomo na maiki kwa nusu, nguvu ya sauti inayoifikia maiki huongezeka takribani mara nne, ilhali kelele za soko zinabaki zilezile. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, hata ile ya bei ya chini, itakusaidia kuliko simu mpya. Na kabla ya maiki kuna shikamoo, kujitambulisha, kueleza video inakwenda wapi na kungoja jibu. Adabu hiyo sasa inakutana na sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze mwenyewe lengo lake. Mama akikataa, funga kamera, umshukuru, ununue ndizi zake.

Linabaki suala la kutunza. Mwaka 1942 wakimbizi wa Kipolandi walianza kuwasili Tengeru, na kambi yao ilifikisha watu wapatao 5,000. Makaburi yao yapo mpaka leo, na picha zao za karatasi zimesalia. Tunawaona watoto wa kambi ile kwa sababu kuna watu walizitunza. Mwanafunzi wa leo anapiga picha nyingi kuliko kambi nzima, kisha anazipoteza zote kwa flashi moja iliyoingia virusi. Wakati mwingine hata hazijapotea: virusi vinavyosambaa kwa flashi hupenda kuficha folda halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye kuelewa atawasha uonyeshaji wa faili zilizofichwa na kuzikuta salama. Asiyeelewa ataumbiza flashi, na hapo ndipo atakapozipoteza kweli. Weka kila kazi katika folda moja yenye video, sauti na mradi wake, uhame na folda nzima, na nakala ya pili ikae kwenye kifaa kingine.

Kutanguliza programu kabla ya uelewa si kosa geni: nchi yetu imewahi kununua mashine kabla ya kuandaa ujuzi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, nchi ikiwa na wataalamu wachache mno wa kuiendesha. Mwaka 1974, baada ya hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na miaka mingi ikapita kabla ya mlango kufunguka tena.

Ili tusirudie kosa hilo vyuoni, ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni kuhusu mtihani. Mwanafunzi wa kompyuta asiulizwe kwa karatasi ataje sehemu za kibodi. Apewe simu, flashi na saa tatu, aende sokoni, arudi na video ya dakika mbili, kisha aifungue kwenye kompyuta ambayo hajawahi kuigusa.