Kadi Zilizoandikwa Kinyumenyume

Kitendawili! Mkiitikia "tega", basi natega: Kiingereza kina neno angry, yaani mwenye hasira, na kina neno hungry, mwenye njaa. Yote mawili yanaishia kwa g, r, y. Nitajieni la tatu.

Msiharakishe kunipa mji. Kitendawili hiki kilianza kuzunguka redioni Marekani miaka ya 1970, na watu wazima, wenye digrii zao, walikesha nacho. Walipochoka kufikiri wakakimbilia kamusi, na hapo ndipo walipokwama zaidi. Kamusi ni nyumba yenye mlango mmoja tu, nao ni herufi ya kwanza. Unalitaka neno linaloanza kwa h? Karibu, pita. Unalitaka linaloishia kwa gry? Huna pa kuingilia. Itakubidi usome kila ukurasa kutoka A mpaka Z, na kamusi kubwa za Kiingereza zina maneno kwa malaki.

Basi, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, wamo watengenezaji wa kamusi waitwao Merriam-Webster. Zamani, kabla kompyuta hazijaingia ofisini, wao walitaka kuona kwa pamoja maneno yote yenye mwisho mmoja, kwa mfano yale ya elimu yanayoishia kwa -logy: biology, geology na ndugu zake. Wakawapa wapiga chapa kazi ambayo ukiisikia utadhani ni adhabu ya mwalimu mkali. Kila neno la kamusi lilichapwa kwenye kadi yake kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza. Hungry likawa yrgnuh. Angry likawa yrgna. Kisha kadi zikapangwa kwa alfabeti kwenye droo, kama kawaida.

Ona kilichotokea. Katika kamusi ya kawaida, angry liko mwanzoni kabisa na hungry liko mbali huko kwenye H. Katika droo zile, yote mawili yanaanza kwa yrg, kwa hiyo yamekaa jirani. Anayeuliza maneno ya -gry anavuta droo moja, anapekua kadi chache, amemaliza. Kazi ya siku nyingi imekuwa ya dakika.

Na la tatu je? Katika maneno yanayotumika kila siku, halipo. Kamusi kubwa zina aggry, jina la shanga za kale zinazopatikana Ghana na sehemu nyingine za Afrika Magharibi, lakini Mwingereza wa kawaida hajawahi kulitamka. Mimi nakihesabu kitendawili hicho kuwa cha ulaghai.

Kadi za kinyume zilitatua shida ya mwisho wa neno tu. Itakuwaje kama herufi unazo mkononi, ila hujui ipi itangulie na ipi ifuate? Hapo wachezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, wana ujanja wao ambao nataka mjaribu sasa hivi. Chukua daftari. Andika listen, sikiliza. Zipange upya herufi zake kwa kufuata alfabeti: e, i, l, n, s, t. Sasa andika silent, kimya, ulifanyie vilevile. Umepata nini? E, i, l, n, s, t. Endelea na enlist, kuandikisha mtu jeshini. Inlets, hori za bahari. Na tinsel, zile nyuzi zinazometameta za mapambo. Yote matano yanarudi pale pale. Mchezaji hodari hukariri fungu kama eilnst pamoja na maneno yake yote, kwa hiyo vigae vyake vikija vimevurugika yeye huvipanga kwa alfabeti kichwani, na majibu yanakuja yenyewe. Hata programu za kompyuta za kutafuta maneno ya aina hii hutumia njia hiyo hiyo, ila zenyewe hazichoki.

Angalieni kwamba maana ya neno haihitajiki hapo. Nigel Richards, mzaliwa wa Nyuzilandi, alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 huku Kifaransa chenyewe hakizungumzi. Alikuwa amekariri kamusi kwa muda wa wiki tisa hivi. Mwaka 2024 akaenda Granada, Uhispania, akafanya vivyo hivyo kwa Kihispania.

Lakini kuna herufi moja inayowatoa jasho hata wakongwe: Q. Katika Scrabble ya Kiingereza kigae chake ni kimoja tu kati ya mia, nacho kina pointi 10. Kisa ni kwamba Q ya Kiingereza kwa kawaida haitembei bila U: queen, quick, question. Waingereza wa kale waliandika cwen na cwic. Baada ya 1066, Wanormani walipoiteka nchi, makarani waliozoea maandishi ya Kifaransa wakaleta qu yao, na Waingereza hawajaiacha mpaka leo. Sasa umeshika Q, U huna. Utafanyaje?

Hapa ndipo mtoto wa Lamu au Unguja anapompita mtoto wa London. Maneno mengi ya Kiingereza yenye Q isiyo na U yametoka Kiarabu, na katika Kiarabu yana ile qaf inayotokea kooni. Kiswahili nacho kiliyachukua, kikayaandika kwa K. Kwa hiyo unayajua tayari. Kadhi? Andika qadi. Kibla ni qibla, talaka ni talaq, wakfu ni waqf, fakiri ni faqir, nikabu ni niqab. Hata miraa imo: qat. Yote yamo katika orodha ya maneno yanayokubaliwa kwenye mashindano ya kimataifa ya Kiingereza. Mpinzani wako akibisha, mwambie afungue kamusi. Neno likianza kwa Q, mlango anaujua. Ukimwekea waqf, mwelekeze kwenye W.